Kiti Kilichotoweka: Kupima Ushahidi katika Tafsiri za Filamu ya The Shining



Waandaaji wa semina hii wameniomba nizungumzie uandishi wa kitaaluma kuhusu tafsiri za filamu za kutisha. Kwa kuwa mada ya semina haikamiliki bila fasili, nazitoa upesi. Filamu ya kutisha hutungwa ili kumtia mtazamaji hofu. Kufasiri ni kueleza maana ambayo kazi haikuitamka waziwazi. Wapo wanaoifuata nia ya mtunzi, wapo wanaoishikilia matini, na wapo wanaompa mtazamaji neno la mwisho. Wanadharia Wimsatt na Beardsley walisema mwaka 1946 kwamba nia ya mtunzi si kipimo cha kazi yake. Umberto Eco naye alionya baadaye kwamba ufasiri una mipaka. Haya mmeyafundishwa, tusonge.

Tatizo langu ni hili: tasnifu ninazoletewa kuhusu The Shining ya Stanley Kubrick (1980) hupanga tafsiri bila kuzipima. Sura ya pili huwa na Bill Blakemore, mwandishi wa habari anayeiona filamu kama simulizi ya maangamizi ya wenyeji asilia wa Marekani. Hufuata Geoffrey Cocks, mwanahistoria, na mauaji ya halaiki ya Wayahudi. Kisha Jay Weidner, anayedai Kubrick anakiri kwa mafumbo kwamba alitengeneza picha bandia za safari ya mwezini. Kila mmoja hupewa aya yake na heshima ileile, halafu mtafiti huhitimisha kuwa "filamu ina maana nyingi". Hilo lilijulikana kabla hajajisajili.

Tazameni kiti. Mhusika Wendy anapomkatiza mumewe, Jack, kwenye taipureta, nyuma ya Jack kuna kiti. Picha inayofuata, kiti hakipo. Katika filamu ya mtu mwingine tungesema ni kosa la mwendelezo, basi. Lakini Kubrick anasifika kwa kurudia picha moja mara nyingi mno, kwa hiyo mtafiti anaandika kwamba mtu kama huyo hakosei: kiti kimeondolewa makusudi. Hapo ndipo uchambuzi unapokufa. Kiti kikiwapo ni ushahidi, kisipokuwapo ni ushahidi zaidi. Tafsiri ambayo hakuna kitu ndani ya filamu kinachoweza kuipinga haijathibitishwa na chochote. Nimeyaandika haya pembezoni mwa rasimu kwa miaka, na rasimu inayofuata huja na kiti kilekile.

Namba ni hivyohivyo. Cocks anaifuatilia 42, akiihusisha na mwaka 1942, ndani ya kipindi cha mauaji hayo ya Wayahudi. 237, namba ya chumba katika hoteli ya filamu, nayo inaingia, kwa kuwa mbili mara tatu mara saba ni 42. Weidner anaitaka 237 hiyohiyo iwe maelfu ya maili hadi mwezini, ingawa wastani wa umbali huo unakaribia maili 239,000. Katika riwaya ya Stephen King (1977), ambayo filamu ilitokana nayo, chumba hicho ni 217. Timberline Lodge ya Oregon, iliyopigwa picha kwa nje ili iwe hoteli hiyo, iliomba kibadilishwe ili wageni wasikiogope chumba 217. Chumba 237 haikuwa nacho. Maelezo haya yanaonyesha kwa nini namba ilibadilika. Hayaonyeshi kwa nini ikawa 237, si 247. Mtafiti makini angesimama hapo na kusema hivyo. Wetu ama hawayataji, ama wanayatumia kama rungu.

Hata hivyo tafsiri hizi hazilingani. Blakemore anategemea makopo ya bekingi pauda ya Calumet yenye kichwa cha mwenyeji wa Marekani, jambo dhaifu likisimama peke yake. Lakini Ullman, meneja wa hoteli katika filamu, anasema kwa kinywa chake kwamba hoteli inasadikiwa kujengwa juu ya makaburi ya wenyeji hao, na habari hiyo haimo katika riwaya. Iliongezwa. Cocks ana maisha ya Kubrick: Myahudi aliyemwoa mpwa wa Veit Harlan, mwongozaji wa filamu ya propaganda ya Kinazi. Huo ni ushahidi mzito kuhusu mtu. Bado lazima uvushwe hadi kwenye filamu, na taipureta ya Jack, ambayo ni ya Kijerumani, peke yake haiuvushi. Leon Vitali, aliyekuwa msaidizi wa Kubrick, aliliambia gazeti la New York Times kwamba taipureta ile ilipendeza tu juu ya meza. Neno lake nalo lipimwe. Hakuwa mwandishi wa skripti.

Siwalaumu wasimamizi. Wanafunzi ni wengi, na hakuna aliyekataza uvivu huu wa kutopima ushahidi kwa maandishi.

Napendekeza basi kwamba mtafiti aitazame filamu yenyewe kabla ya Room 237 (2012), filamu ya hali halisi ya Rodney Ascher kuhusu wafasiri hawa, maana wengi wanainukuu hiyo wakidhani wamemnukuu Kubrick. Ataje nakala aliyoitazama: ya Marekani ina dakika 144, ile fupi iliyoonyeshwa Ulaya 119, na katika hiyo fupi mazungumzo ya Wendy na daktari kuhusu Jack kumuumiza mtoto wao hayamo. Anayeandika juu ya ukatili wa Jack kwa mtoto bila kuiona sehemu hiyo anaandika kuhusu filamu nyingine. Kila tafsiri iambatanishwe na sentensi moja: ni kitu gani kingeonekana ndani ya filamu, tungeiacha tafsiri hiyo. Narudia, aitazame filamu. Kosa la mwendelezo lihesabiwe kosa mpaka lijirudie kwa mpangilio. Idara zisaidie wanafunzi kuwasiliana na hifadhi ya nyaraka za Kubrick katika University of the Arts London, badala ya kukisia kilichoandikwa. Na fomu ya tathmini, ambayo sasa inatoa alama kwa "wingi wa vyanzo", iongezewe kipengele cha kupima ushahidi kabla tasnifu za muhula ujao hazijaanza kuingia.