Dakika 80 za Fowadi: Uchovu, Maumivu na Uamuzi wa Benchi



Kila msimu wa raga ya wachezaji 13 unapofika katikati, huko Australia na kaskazini ya Uingereza, huibuka hoja ileile: fowadi wa siku hizi amedekezwa. Anacheza dakika 20 na kitu, anatoka, anafunikwa taulo, anapewa maji, anarudi kipindi cha pili kucheza dakika 20 nyingine, halafu analipwa kama aliyemaliza kazi. Wazee wake, wanasema, walicheza dakika 80 mfululizo, na wengine waliumia vibaya wakabaki uwanjani. Basi mabadiliko ya wachezaji katika mechi yapunguzwe kutoka manane hadi sita, ikiwezekana manne, ili uchovu uurudie mchezo na mtu mdogo mwenye mbio apate upenyo.

Hoja hii inanikera, na inanikera zaidi kwa kuwa nusu yake ni kweli. Nitaifikia hiyo nusu ya kweli. Kwanza niivunje ile nyingine.

Sitawachosha na historia ya mgawanyiko wa raga wa 1895 pale Huddersfield, wala na tofauti zote kati ya mchezo huu na raga ya watu 15 ambayo wengi wenu mmeiona Nairobi. Yatosha kukumbuka kwamba hapa mpira haugombaniwi chini. Aliyeangushwa anaachiwa ainuke, anauweka mpira ardhini, anaurudisha nyuma kwa mguu, na timu yake inaendelea. Ina nafasi sita za kuangushwa, kisha mpira unakwenda kwa wapinzani. Kila mara mtu anapoangushwa, safu ya wakabaji inarudi nyuma mita 10. Uwanjani wapo 13, na mabadiliko ni manane kwa mechi. Namba 8 na 10 ni mapropu, 13 ni fowadi wa kati mwenzao, na 9 ni huka. Hao ndio ninaowazungumzia leo. Wachezaji wa pembeni wana matatizo yao na wana maprofesa wao.

Mtetezi wa dakika 80 huanzia Brisbane, tarehe 5 Julai 1958. Alan Prescott, propu wa St Helens na nahodha wa timu ya Uingereza, alivunjika mkono dakika za mwanzo kabisa za mechi ya pili dhidi ya Australia. Sheria ya wakati ule haikutoa nafasi ya mchezaji wa akiba. Dave Bolton naye akavunjika mtulinga, akatoka. Jim Challinor, Vince Karalius na Eric Fraser waliendelea wakiwa na majeraha yao. Prescott alibaki hadi filimbi ya mwisho, mkono ukining'inia, na Uingereza ikashinda 25 kwa 18. Kisha hutajwa John Sattler, propu na nahodha wa South Sydney, aliyevunjwa taya mapema katika fainali ya ligi ya Sydney ya 1970, akakataa kutoka, na timu yake ikaifunga Manly 23 kwa 12. Wa tatu ni Sam Burgess, mtoto wa Yorkshire aliyekuwa na South Sydney hiyohiyo. Katika fainali ya Oktoba 2014 alivunjika mfupa wa shavu kwenye mgongano wa kwanza wa mechi, akacheza dakika zote 80 na kupewa medali ya mchezaji bora wa fainali. Matokeo yalikuwa 30 kwa 6 dhidi ya Canterbury.

Nawaheshimu watu hawa watatu kwa moyo wangu wote. Ninachokataa ni kuwaita mashahidi katika kesi isiyowahusu. Kesi yetu ni ya uchovu, na wao wanatoa ushahidi kuhusu maumivu. Taya lililovunjika humwambia mwenyewe kila sekunde kwamba limevunjika. Anajua anachovumilia, anachagua kuvumilia, hata namna ya kuingia kwenye mgongano anaipanga upya ili alinde upande ulioumia. Uchovu hufanya kazi kwa siri. Misuli ya mapaja inaposhindwa, mtu hajisikii kwamba ameinama kidogo kuliko mwanzo. Anadhani bega lake liko palepale lilipokuwa dakika ya tano. Muulize fowadi aliyechoka kama anaweza kuendelea, atakujibu ndiyo, na atakuwa anasema kweli kwa kadiri anavyojua.

Kuna kasoro nyingine katika ushahidi huu, nami nashangaa haisemwi. Timu za watu hawa watatu zote zilishinda. Nani anamkumbuka propu aliyekataa kutoka, akakosa kumkaba mtu dakika ya 74, na timu yake ikapoteza fainali? Yupo, tena wapo wengi, lakini hakuna aliyewatungia hadithi. Mtafiti anayechagua washindi peke yao kisha akasema kubaki uwanjani huleta ushindi angerudishiwa tasnifu yake na mwanafunzi wa mwaka wa pili.

Kisha zipo hizo dakika 80 zenyewe, zinazohesabiwa kana kwamba ni kitu kimoja katika zama zote. Mwaka 1958 hapakuwa na kikomo cha kuangushwa: timu iliyokuwa na mpira iliweza kukaa nao hadi iupoteze, na mkabaji alirudi nyuma hatua chache tu. Kikomo cha kuangushwa mara nne kilianza Australia mwaka 1967, na sita zikaja mwaka 1971. Umbali wa kurudi nyuma ukaongezwa kutoka mita 5 hadi 10 mwaka 1993. Hili la 1993 ndilo lililombadilisha fowadi kuliko sheria nyingine yoyote niijuayo. Mfikirieni propu katika ulinzi: anarudi mita 10, anasonga mbele kukutana na mtu wa kilo 110 anayekuja kwa kasi, anamkaba, anaanguka naye, anashindana naye mieleka ardhini, anainuka, anarudi tena mita 10. Mara sita. Na mpinzani akipewa nafasi sita nyingine, kama ilivyokuwa kawaida tangu kanuni mpya ya Mei 2020 ilipowaruhusu waamuzi wa Australia kuanza hesabu upya badala ya kupiga penalti, propu huyo anaanza upya bila hata dakika moja ya kusimama. Wazee hawakufanya kazi hii. Walifanya kazi nyingine, ngumu kwa namna yake. Mabadiliko yasiyo na kikomo yalipoingia Sydney mwanzoni mwa miaka ya 1990, kisha yakawekewa mpaka wa 12 mwaka 2001, 10 mwaka 2008 na 8 mwaka 2016, sheria ilikuwa inamtafutia kipimo mtu ambaye kazi yake ilikuwa inabadilika.

Sasa niwaonyeshe kazi ya kitaaluma ninayoipenda kuliko zote katika uwanja huu. Ni makala fupi ya mwaka 2008 ya Tim Gabbett, mwanasayansi wa michezo wa Australia, kuhusu uchovu na mbinu ya kukaba.   Katika makala ya 2008 alichukua kikundi kidogo cha wachezaji, akawaweka wawili wawili ndani ya eneo la mita 10, mmoja abebe mpira na mwingine amkabe, akampiga picha mkabaji kwa kamera kutoka nyuma, pembeni na mbele. Kisha akawachosha hatua kwa hatua kwa kazi iliyofanana na ya mechi, akiwarudisha kwenye ukabaji uleule katikati na mwisho. Kila ukabaji ulipewa alama kwa vigezo vilivyopangwa mapema.

Uzuri wa jaribio hili uko katika unyenyekevu wake. Hakuna mashine ya bei kubwa, hakuna fomula. Kuna jicho lililofundishwa na orodha ya mambo ya kutazama. Matokeo ya kwanza hayashangazi: kadiri uchovu ulivyopanda, ndivyo mbinu ilivyoporomoka. La pili ndilo linaloninyima usingizi. Waliokuwa na mbinu bora walipokuwa na nguvu ndio walioporomoka zaidi walipochoka. Yaani mkabaji wako hodari, yule ambaye kocha humwacha uwanjani kwa kuwa anamwamini, ndiye mwenye umbali mrefu zaidi wa kuanguka. Nakubali, kikundi kilikuwa kidogo na haki ya kisayansi inataka kazi hii irudiwe kwa watu wengi zaidi. Lakini sijaona jaribio jingine linalouliza swali lenyewe moja kwa moja hivi.

Mporomoko huo nimeuona kwa macho yangu pia. Nilipokuwa mwanafunzi kaskazini ya Uingereza, nilitumwa wakati wa baridi kwenye uwanja wa klabu ya ridhaa niandike muda wa kila badiliko. Palikuwa na propu mmoja mnene, fundi bomba kwa kazi yake, aliyenivutia tangu mwanzo. Kipindi cha kwanza aliinuka kutoka matopeni kwa msukumo mmoja wa mkono na kurudi mstarini kinyumenyume, macho kwenye mpira. Baada ya mapumziko akaanza kuinuka kwa kutanguliza goti. Kisha akaanza kugeuza mgongo anaporudi. Kisha mikono ikaenda kiunoni. Kocha alikuwa na karatasi mfukoni iliyosema propu huyo atoke dakika ya 60, na saa ilikuwa haijafika. Katika ukabaji uliofuata aliingiza kichwa mbele ya paja la mbebaji badala ya kukiweka pembeni, akalala hapohapo. Alipoketishwa alimwuliza mganga wa timu matokeo ya mechi ya wiki iliyotangulia, akidhani ndiyo anayoicheza.

Tangu siku ile nimeamini kwamba fowadi hutolewa kwa jinsi anavyoinuka. Vifaa vya setelaiti wanavyovaa wachezaji mgongoni vina faida yake, lakini vinapima hasa kilomita na kasi, na fowadi wa kati haharibiwi na kilomita. Anaharibiwa na mieleka na kuinuka. Ndiyo maana nawasihi makocha wa mazoezi ya nguvu na pumzi waache kumzungusha propu uwanjani kama mkimbiaji wa masafa. Mpe vipindi vifupi: kaba, lala, inuka, rudi mita 10, kaba tena, kisha apumzike kidogo na kurudia. Pumzi itakayojengeka hapo ndiyo atakayoikuta kwenye mechi.

Sasa ile nusu ya kweli. Mtafiti Mark Waldron na wenzake, katika kazi ya mwaka 2013, walionyesha kwamba anayejua atabadilishwa huanza kwa kasi kubwa na kushuka, ilhali anayecheza mechi nzima huanza kwa kujibana na kugawa nguvu zake. Wapinzani wangu wana haki ya kusema: mwambie fowadi atacheza dakika 80, mwili wake utajifunza uchumi. Ni kweli utajifunza. Lakini tazameni anabana wapi. Mbebaji hawezi kubana anapokuwa na mpira, kila mtu anamwona. Anabana katika ulinzi, kwa kutokwenda kuwa mtu wa tatu kwenye mkabo, kwa kurudi mita 8 badala ya 10, na pengo hilo analiziba mwenzake kwa mwili wake.

Na yule mtu mdogo? Nami nampenda. Nusu-beki wa kilo 80 anayepita kati ya majitu mawili yaliyochoka ni furaha ambayo sitaki mchezo uipoteze. Lakini sheria ya 2016 ilipokata mabadiliko kuwa manane, na Super League ya Uingereza ikafuata mwaka 2019, mafowadi hawakusinyaa. Klabu zilitafuta majitu yenye pumzi. Mmoja wao, Jason Taumalolo wa North Queensland, aligawana medali ya mchezaji bora wa ligi mwaka huohuo wa 2016. Payne Haas, aliyepata jina akiwa Brisbane, ana uzito wa zaidi ya kilo 110 na hucheza dakika ambazo mapropu wa kizazi kilichotangulia hawakuzifikiria. Kukata hadi sita kutawaongezea watu wa namna hiyo thamani sokoni, na wale wa kawaida, ambao ndio wengi, watabaki uwanjani wakiinuka kwa goti.

Hesabu ya manane yenyewe ni finyu kuliko inavyoonekana kutoka jukwaani. Kuwatoa mapropu wawili na kuwarudisha ni manne. Namba 13 kutoka na kurudi, sita. Mguu mmoja ukiteguka, saba. Kocha anayefuata karatasi hufika dakika ya 65 akiwa na badiliko moja, na huka wake hajapumzika. Ushauri wangu kwa makocha ni kuweka mawili hadi robo ya mwisho ya mechi, hata kama maana yake ni kumwacha propu dakika tano zaidi kipindi cha kwanza, wakati bado anainuka kwa mkono mmoja.

Kwa wanaotaka kukata hadi sita nina ombi. Picha zipo tayari, maana kila mechi ya ligi kuu hurekodiwa kwa kamera nyingi. Zichukuliwe dakika za 60 hadi 80 za msimu mzima, ukabaji wa namba 8, 10 na 13 upewe alama kwa vigezo kama vile vya 2008, ulinganishwe na wa dakika 20 za kwanza, na majibu yapelekwe kwa madaktari kabla ya kufika kwa wenye klabu. Majibu yakionyesha kwamba kichwa bado kiko pembeni na bega bado liko chini, nitaunga mkono sita.