Saa Kumi na Moja Jioni

Maneno yetu ya leo ni ya wale wasio na kazi.

Somo letu limo katika Injili ya Mathayo, sura ya 20, mstari wa 1 mpaka wa 16. Ni ule mfano wa mwenye shamba la mizabibu aliyetoka alfajiri kutafuta vibarua. Mwaujua. Wa kwanza alipatana nao dinari moja kwa siku. Akatoka tena saa tatu, na saa sita, na saa tisa. Hata ilipokuwa saa kumi na moja akatoka mara nyingine, akawakuta watu wangali wamesimama. Sisi tusomao Kiswahili tuna bahati hapa. Wenzetu wasomao Kiingereza hulazimika kuelezwa kwanza saa hiyo ni saa gani. Sisi hatuelezwi na mtu. Twajua mara moja kwamba jua limeinama, na kwamba mtu aliyesimama sokoni saa kumi na moja jioni hatarajii tena kupata kazi siku ile.

Ukitaka kuuona mfano huu kwa macho yako, njoo Kitengela asubuhi na mapema. Watu husimama kando ya barabara ya Namanga wakingoja kibarua. Wengine hushika njia kwenda Athi River, kwenye malango ya viwanda vya EPZ. Mwenye mjengo hupita na pikapu yake akichagua: wewe, na wewe, na wewe. Huchaguliwa mwenye mabega mapana na mwenye maneno mepesi. Injili haituelezi kwa nini wale wa saa kumi na moja hawakuchaguliwa. Walipoulizwa mbona wamekaa bure mchana kutwa, walisema tu kwamba hakuna mtu aliyewachukua, na yule bwana hakuwaita wavivu. Jambo hilo tulilipita miaka mingi bila kuliona, mpaka tulipokuwa na mtu wa namna hiyo katika nyumba yetu.

Sisi tunaozungumza nanyi ni mume na mke, wakaaji wa Kitengela. Kijana wetu wa kwanza ana miaka 24, naye ana hali iitwayo usonji. Mtu mwenye usonji huzaliwa nao. Si ugonjwa wa kuambukiza, wala si laana. Wengine hawasemi kabisa, wengine husema sana juu ya jambo moja tu. Wengi huumizwa na kelele au mwanga ambao sisi hatuujali, na mabadiliko ya ghafula huwatesa. Kijana wetu hakusema neno mpaka alipotimiza miaka minne, na neno lake la kwanza halikuwa mama wala baba. Lilikuwa 110, namba ya matatu za kwetu kwenda Nairobi.

Tulipitia yote ambayo wazazi wenzetu hupitia. Tuliambiwa ni pepo, naye akaombewa usiku kucha huku watu wanapiga kelele, akajificha chini ya benchi ameziba masikio. Waliomwombea hatuwalaumu; walitupenda. Lakini twakiri kwamba tulikubali kwa sababu ya woga, si kwa imani. Tuliambiwa pia kwamba mama ndiye aliyekosa. Nalo si neno la vijijini tu. Huko Marekani, kwa miaka mingi baada ya vita kuu ya pili, madaktari wenye vyeo waliandika kwamba usonji hutokana na mama mwenye moyo baridi. Mwaka 1964 Bernard Rimland, mtaalamu ambaye mwenyewe alikuwa na mwana wa hali hiyo, alitoa kitabu kuyapinga mawazo hayo, nayo yakaachwa. Dada unayetusikiliza, kama umeubeba mzigo huo, utue.

Lakini hatukuja kuzungumza juu ya utoto wake. Mtoto mwenye usonji huhurumiwa. Akiota ndevu, huruma huisha, na watu huanza kuuliza anafanya kazi gani.

Alimaliza shule, na hesabu zake zilikuwa nzuri kuliko zetu. Tukadhani sasa mambo yatakwenda. Ofisi moja ilimwita kwa mahojiano. Wakamwambia, "Hebu jieleze." Akawaambia urefu wake kwa sentimita, uzito wake kwa kilo, na namba ya kitambulisho. Wakamwuliza kwa nini anataka kazi pale. Akajibu, "Kwa sababu Mama alisema nije." Hakusema uongo hata mmoja, wala hakuitwa tena. Sisi tulicheka tulipofika nyumbani, kisha tukanyamaza.

Mjengo aliuweza siku mbili. Mashine ya kuchanganya zege ilimshinda. Hata usiku alikuwa bado ameziba masikio.

Kisha akapata kazi katika duka kubwa, ya kupanga bidhaa. Na hapa, wapendwa, tutasema kosa letu. Hatukumwambia mwenye duka habari za hali yake. Tulipatana sisi wawili kwamba tukisema, hatachukuliwa. Tena kanisani, watu walipouliza, tulikuwa tukijibu kwamba kijana yuko masomoni. Tulimwonea haya mwana wetu, huku tukisimama kila Jumapili kushukuru kwa ajili yake. Basi dukani alipanga vizuri, mikebe yote ikitazama upande mmoja. Siku ya tisa mteja mmoja alivuruga rafu, naye akamwambia arudishe vitu alivyovikuta. Mteja akapaza sauti. Msimamizi akaja, naye akapaza sauti. Kijana wetu akaketi sakafuni akaanza kujigonga kichwa. Wakamtoa nje wakidhani ametumia dawa za kulevya. Kama wangalijua, huenda wangalimwacha mahali patulivu kwa dakika kumi, na jambo lingekwisha. Ni sisi tuliowanyima kujua.

Baada ya hapo alikaa chumbani miezi mitatu. Alikula usiku tu, watu wakiisha kulala. Siku moja alimwuliza mama yake, bila kumtazama, "Mtu akiharibika hutupwa wapi?" Hatukuwa na jibu. Wala leo hatujui neno ambalo lingefaa. Tulikaa naye sakafuni, tukazima taa kwa kuwa taa ilimsumbua.

Jumapili iliyofuata mmoja wetu alisimama wakati wa maombi akasema kweli yote mbele ya ushirika. Kwamba kijana hayuko masomoni. Kwamba ana usonji, anatafuta kazi, na sisi tunazeeka. Ilikuwa vigumu kuliko kuungama dhambi. Ibada ilipokwisha, mzee mmoja wa kanisa, mfugaji wa upande wa Kajiado aliyekuwa amekuja kumtembelea bintiye, alitujia. Hakutupa pole. Aliuliza, "Anaweza kusoma mita?"

Mzee huyo ana kisima kilichochimbwa kwa mashine, mbele ya Isinya ukielekea Kajiado. Mnajua nchi ile ilivyo kavu. Mwaka 2022 mizoga ya ng'ombe ililala kandokando ya barabara. Malori ya maji hujaza kwake, na wafugaji hunywesha mifugo kwenye birika. Shida yake ilikuwa daftari. Kila aliyemweka pale, baada ya mwezi mita ilisema hivi na daftari likasema vingine. Alitaka mtu asiyeweza kusema uongo. Tulimwambia anaye huyo, ila huyo mtu hatamsalimu vizuri, na akikatizwa atafadhaika. Mzee akasema ng'ombe pia hawasalimu, lakini amekaa nao maisha yake yote.

Hakumfanyia mahojiano. Alimpa siku tatu ajaribu. Sisi tulikwenda naye zamu kwa zamu muda wa wiki mbili, tukipanda naye matatu, tukikaa chini ya mgunga. Tuliandika kazi yote juu ya kipande cha boksi: soma mita, andika, fungua koki, funga koki, soma mita, andika. Tulijifunza kumpa agizo moja kwa wakati mmoja, na kuandika kuliko kusema. Tulijifunza kumwarifu jana jambo litakalobadilika kesho. Fedha hazishiki, wateja hulipa kwa M-Pesa kwa mzee mwenyewe, kwa sababu madereva wawili walikwisha kujaribu kumchanganya kwa chenji. Pampu inapolia huvaa vile vifuniko vya masikio vya watu wa viwandani. Wiki ya tatu alitwambia, "Msije kesho." Ndivyo alivyotuaga.

Baadaye tulisoma habari iliyotushangaza. Mwaka 1943 daktari Leo Kanner wa Baltimore aliandika juu ya watoto 11 wenye hali hii, na wa kwanza katika orodha yake alikuwa Donald Triplett, kutoka mji mdogo wa Forest katika jimbo la Mississippi. Mtoto huyo alikaa muda kwa mkulima mmoja na mkewe. Alipenda mno kupima na kuhesabu. Yule mkulima hakumkataza. Alimpa kisima achimbe na kupima kina chake, na alipohesabu mistari ya mahindi, akamwacha aihesabu huku akilima. Donald alipokuwa mtu mzima alifanya kazi katika benki ya mji wake kwa zaidi ya miaka 60, naye alifariki mwaka 2023. Ni kweli familia yake ilikuwa na hisa katika benki ile, na si kila mzazi ana benki. Lakini yule mkulima hakuwa na benki. Alikuwa na mahindi tu.

Ndugu msikilizaji mwenye duka, mwenye shamba, mwenye gereji, twakusihi ufikiri hapo. Sheria yenyewe imekwisha kusema. Katiba yetu ya mwaka 2010, kifungu cha 54, yataja asilimia 5 ya nafasi katika vyombo vya umma kwa watu wenye ulemavu, na Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2025 inawataka hata waajiri binafsi wenye wafanyakazi 20 au zaidi kutenga sehemu hiyohiyo. Wazazi, mwandikisheni kijana wenu katika Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu. Huanza kwa kupimwa katika hospitali ya serikali. Sisi tulichelewa miaka mingi kwa sababu ya haya tuliyokwisha kuwaambia. Lakini sheria haitoki alfajiri kwenda sokoni. Na wengi wa waajiri wetu hapa Kajiado hawana wafanyakazi 20. Wana wawili au watatu.

Makanisa nayo yaliwahi kulifanya jambo hili. Mwaka 1966 Baraza la Makanisa la Kenya lilitoa taarifa iliyouliza vijana waliomaliza shule ya msingi wataenda wapi, na kutokana nayo vikaanza vyuo vya ufundi vya vijijini. Wazee wetu waliuliza swali hilo kwa ajili ya maelfu. Je, ushirika wako hauwezi kuliuliza kwa ajili ya mmoja, yule akaaye kiti cha nyuma karibu na mlango?

Hatutaki mdhani kwamba yote yamekuwa mema. Mwezi wa nane matatu zilihamishwa kituo, naye akarudi nyumbani kwa miguu kutoka Isinya, akafika usiku miguu imevimba. Mshahara ni mdogo. Nauli inaumeza nusu. Tena mara moja alikaribia kufukuzwa. Saa ya kufunga ni kumi na mbili jioni. Shemeji wa mzee mwenyewe alifika na lori saa kumi na mbili na dakika mbili, akakataliwa maji. Shemeji akapiga simu kwa hasira. Siku mbili hatukulala vizuri. Mzee alikuja, akasoma saa iliyoandikwa daftarini, akacheka mpaka akaketi. Kisha akachukua kalamu akaandika kwenye lile boksi la maagizo: Shemeji, mpaka saa kumi na mbili na nusu. Kijana wetu akaitii amri hiyo. Shemeji mwingine wa mzee alipokuja akitaka nafasi ileile, kijana aliuliza kama amri ni ya shemeji mmoja au wote, naye mzee ikabidi aandike tena.

Mshahara wa kwanza alihesabu fungu la kumi mpaka senti. Akataka kujua kanisa litampaje senti zake za chenji.

Na tuombe. Bwana wa shamba, twakuletea wale ambao jioni hii wangali wamesimama, Kitengela na Isinya na Kajiado na kila mahali redio hii inapofika. Toka tena, Bwana. Nasi wenye mita na koki na mahindi, ututoe pamoja nawe. Amina.