Ni Barua Zipi Zilizobadilika Tangu Jana?



Katibu aliniomba nieleze jambo moja la kompyuta linalohusu kazi za ofisini, akanionya nisiwachoshe. Nimechagua jambo dogo: mtu mwenye barua pepe zake katika kompyuta mbili, moja ya ofisini na moja ya safarini, afanyeje ili kompyuta hizo zikubaliane?

Wengi watasema ni kunakili tu. Kweli, barua yenyewe hunakiliwa bila taabu, maana ikishapokelewa maneno yake hayabadiliki. Kinachobadilika ni yale tunayoyabandika juu yake: imesomwa, imejibiwa, ipelekwe kwa mhasibu. Tuyaite lebo. Chukueni mfano wa mstaafu aliyeandika kuulizia kiinua mgongo chake. Ofisa akiwa safarini amemjibu na kuweka lebo ya "imejibiwa". Kompyuta ya ofisini haina habari, kwa hiyo msaidizi wake anamwandikia mzee jibu jingine, lenye tarehe nyingine ya malipo. Na kinyume chake ni kibaya zaidi. Jibu limerudi kwa kuwa anwani haikuwa sahihi, lebo imeondolewa upande mmoja, lakini upande wa pili imebaki. Basi kila anayefungua kompyuta ile anaona kazi imekwisha, na mzee anaendelea kungoja.

Iko programu iitwayo Notmuch, iliyoanzishwa na Carl Worth mwaka 2009. Haipokei barua wala haipeleki. Kazi yake ni kutengeneza faharasa ya barua zilizomo katika kompyuta, kwa kutumia hifadhidata ya Xapian, ili ukitafuta neno au lebo upate jibu mara moja hata kama una barua laki kadhaa. Zamani faharasa hiyo haikuweza kuulizwa ni barua zipi zilizobadilika. Ilibidi kupitia lebo zote upya na kulinganisha. Uwezo huo uliongezwa katika toleo la 0.21, mwaka 2015.

Waliopata kufanya kazi masijala watauelewa upesi. Masijala, barua hupewa namba mara moja tu, siku inapoingia. Hapa, barua hupewa namba mpya kila inapoguswa. Hifadhidata ina hesabu moja inayopanda tu, na kila mabadiliko yanapoandikwa, barua iliyohusika huchukua namba ya wakati huo na kuitupa ya zamani. Ni kama kuchomoa kadi katikati ya sanduku na kuirudisha mwisho. Kompyuta ya pili haina haja ya kukumbuka mengi. Ikikumbuka kwamba mara ya mwisho walipoonana hesabu ilikuwa 4,180, itauliza: nipe zilizo juu ya 4,180. Itapewa barua 12, si laki tatu.

Mtanuliza, kwa nini isitumike saa? Kwa sababu saa za kompyuta haziaminiki. Betri ndogo ya ndani ikifa, kompyuta nyingine huamka ikidhani ni mwaka 1970. Leslie Lamport alikwisha kuonyesha mwaka 1978 kwamba ukitaka kupanga matukio ya mashine nyingi, hesabu inayopanda inaweza kukufaa pasipo saa. Hata kompyuta kuu za barua zinazotumia utaratibu wa IMAP zilipata kanuni ya namna hiyo mwaka 2006.

Sasa nisemee mipaka yake, maana hapo ndipo watu huumia. Namba hiyo husema barua imebadilika, lakini haisemi nini kimebadilika wala nani amebadilisha. Barua ikiguswa mara tano, utaiona mara moja, kwa hali yake ya mwisho. Mkaguzi asije akaichukua kuwa ushahidi.

Pili, barua iliyofutwa haina kadi, na pasipo kadi hakuna mahali pa kuandika namba. Kwa hiyo kufutwa hakuonekani kwa njia hii, na hapana budi kulinganisha orodha za pande mbili. Watu wa IMAP walikumbana na shida iyo hiyo, wakatoa kanuni nyingine mwaka 2008 ya kutangaza barua zilizotoweka.

Tatu, na hili ndilo ninalotaka mlikumbuke, namba ina maana ndani ya daftari lake tu. Kwa hiyo kila hifadhidata ina kitambulisho chake, mfululizo mrefu wa herufi na tarakimu, na mwulizaji hulinganisha kitambulisho kwanza. Faharasa ikijengwa upya, kitambulisho hubadilika, naye hujua kwamba aanze mwanzo. Lakini ukirudisha nakala ya akiba kwa kunakili mafaili, kitambulisho hubaki kile kile huku hesabu ikirudi nyuma. Tuseme mwenzako anakumbuka 4,300, na nakala uliyorudisha iliishia 4,250. Mabadiliko hamsini yatakayofuata yatachukua namba ambazo yeye anadhani amekwisha kuziona. Hatayauliza, na hakuna kengele itakayolia. Mtunzi wa programu ya kulandanisha lazima aweke sharti: hesabu niliyoikuta ikiwa ndogo kuliko ninayoikumbuka, nilinganishe zote upya. Ni mistari michache tu, lakini wengi huiacha.

Na pande zote mbili zikibadilisha barua moja? Programu ya muchsync, inayolandanisha hifadhidata za Notmuch, hukusanya lebo za pande zote mbili. Lakini lebo wanazopewa wageni, kama "haijasomwa", hubaki tu iwapo iko pande zote. Ukiisoma popote, imesomwa. Kwa "haijasomwa" naona ni sawa. Kwa "imejibiwa" ya yule mstaafu siridhiki, maana upande ulioiondoa ndio ulikuwa na habari za kweli, na kwa kanuni hiyo lebo itarudi. Mimi ningependa mgongano wa namna hiyo aletewe mtu auamue.

Ndugu Mwenyekiti, naona Katibu anaitazama saa yake. Mwenye maswali anikute baada ya chakula, kompyuta ninayo.