Wanyama wa Kuchezea Watengenezwao na Watoto Wadogo kwa Vitu Vilivyotupwa Nyumbani

Hotuba iliyosomwa mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka



Kamati imetupa dakika chache tuseme juu ya jambo ambalo huenda wengine wakaliona dogo mno kwa mkutano kama huu, wenye hesabu za fedha na habari za karo na mazishi. Nalo ni hili: watoto wetu wa miaka mitatu hata sita, na wanyama wawezao kuwatengeneza kwa mikono yao kwa vitu tunavyovitupa jalalani kila siku. Tumelileta kwa kuwa linagusa mfuko wa mzazi, na tena linagusa uaminifu wa mtoto.

Tuanze na mfuko. Tangu mtaala wa umilisi uanze kutumika katika chekechea na madarasa ya chini mwezi wa Januari 2019, watoto hutumwa mara kwa mara kutengeneza vitu nyumbani. Mzazi akipata habari jioni hukimbilia dukani kununua karatasi za manila, gundi na rangi, na mwenye kuishi kwa kibarua hutumia fedha za unga. Kisha mtoto akiisha kulala, baba na mama hukesha wakikata na kubandika twiga. Asubuhi mtoto humchukua shuleni twiga asiyemjua, naye husifiwa. Amekwisha kufunzwa kupokea sifa ya kazi isiyokuwa yake. Sisi twaona hasara hiyo yazidi ile ya fedha, maana fedha zaweza kupatikana mwezi ujao.

Wazee walio mbele yetu hawakununuliwa vitu vya kuchezea. Walipokuwa malishoni walifinyanga ng'ombe wa udongo, wakawajengea na boma la vijiti. Na mabinti walifunga magunzi ya mahindi kwa vitambaa, wakawabeba mgongoni kama watoto. Wala jambo hili halikufa na zamani zile. Katika miaka ya mwisho ya 1990, kisiwani Kiwayu, upande wa Lamu, Julie Church, mtaalamu wa mambo ya bahari, aliona watoto wakijichongea vitu vya kuchezea kwa kandambili chakavu zilizoletwa ufuoni na mawimbi. Akawahimiza akina mama wa huko waziokote, waoshe, wakate na kuuza. Kutoka hapo kukazaliwa kazi ya Ocean Sole, ambayo mafundi wake huchonga kasa, tembo na twiga wa kandambili, wengine wakubwa kuliko mtu. Twaomba ikumbukwe ni nani waliotangulia kuona mnyama ndani ya ndala iliyokatika: ni watoto.

Sasa tuseme namna ya kufanya, kwa maana tumeulizwa na akina mama wengi.

Gundi haina haja ya kununuliwa. Chukua kijiko kimoja kikubwa cha unga wa ngano na vijiko vitano vya maji, koroga mpaka mabonge yaishe, kisha weka kwenye moto mdogo hata uzito uwe kama wa uji. Ikipoa yafaa kubandika karatasi na maboksi. Lakini itumike siku ile ile au ya pili, kwa kuwa huchacha. Rangi nyeusi ni mkaa uliosagwa na kuchanganywa na gundi hiyo kidogo. Ya manjano ni bizari ya jikoni, na ya hudhurungi ni majani ya chai yaliyochemshwa sana.

Mnyama aliye rahisi kupita wote ni kobe. Trei ya mayai ya karatasi ina vikombe vingi. Kata kimoja, kifudikize, hilo ni gamba. Miguu minne na kichwa hukatwa katika boksi na kubandikwa chini. Mtoto wa miaka mitatu aweza kulipaka gamba rangi kwa kidole, na kazi ikawa yake kweli. Punda milia hupatikana kwa kile kiini kigumu kinachobaki karatasi ya msalani ikiisha: mtu mzima atoboe mashimo manne ya miguu ya vijiti, naye mtoto achane gazeti vipande vyembamba na kuyabandika iwe milia. Milia itakwenda kombo. Na iende. Ng'ombe hutoka katika kasha la kiberiti lisilo na njiti hata moja, na twiga katika bua kavu la mahindi, ambalo kiini chake laini hupokea kijiti bila shida.

Wazazi wenzetu, hapa ndipo penye kazi ngumu: kukaa karibu na kuizuia mikono yetu. Kisu na mkasi mkali vishikwe na mkubwa. Mengine yote aachiwe mtoto. Akimfanyia ng'ombe pembe tatu, asisahihishwe kwa haraka. Aulizwe ya tatu ni ya nini. Mara nyingi ana jibu, na jibu hilo ni mazungumzo ambayo twiga wa usiku wa manane hakuyaleta.

Yapo mambo ya hatari, nasi twayasema bila kupunguza. Chupa na makopo ya dawa za wadudu, za mifugo au za mimea yasitumike kamwe, hata yakioshwa mara kumi. Betri zile ndogo za mviringo kama kifungo zifichwe mbali, kwa maana mtoto akimeza moja huungua ndani kwa muda mfupi. Apelekwe hospitali papo hapo. Makopo ya bati yenye ncha yaachwe. Na kwa watoto walio chini ya miaka mitatu, vizibo, shanga na maharagwe yasiwe macho ya mnyama. Macho yachorwe kwa mkaa.

Wazee wetu, tunalo ombi kwenu pia. Mtoto wa mjini aweza kumbandika fisi miguu asijue kwamba ile ya mbele ni mirefu kuliko ya nyuma. Ninyi mwajua. Mwajua majina ya rangi za ng'ombe kwa lugha za nyumbani, majina ambayo sisi tulioketi madarasani miaka mingi tumekwisha kuyasahau nusu. Mkiketi na wajukuu kwa saa moja, mnyama wa boksi atapata jina lake, na hadithi yake pia.

Kuhusu pendekezo la kununua vitu vya plastiki kwa chekechea ya chama, twaiomba Kamati izuie fedha hizo kwa muhula mmoja, hata tuone watoto wamefanya nini kwa vitu vya nyumbani. Sanduku litawekwa mlangoni mwa ukumbi kuanzia Jumamosi ijayo. Leteni trei za mayai, maboksi, magazeti, pakiti za unga zilizokung'utwa, vitambaa na kandambili zilizooshwa. Magunzi yaletwe yakiwa makavu, yasije yakaota ukungu.