Mtoto Hasemi Kwamba Haoni
(Maneno ya walimu katika maadhimisho ya Siku ya Wakimbizi Duniani, 20 Juni)

Sisi walimu tumepewa dakika chache siku ya leo. Hatutazitumia kueleza upungufu wa madawati, maana kila mmoja anaufahamu. Tutasema juu ya macho ya watoto.

Mtoto hawezi kukuambia kwamba haoni vizuri. Tangu azaliwe ameiona dunia hivyo hivyo, na anadhani hata wewe unaiona hivyo. Kwake mti ni kitu cha kijani tu. Hajui kwamba wengine wanaona jani moja moja. Kwa hiyo halalamiki. Ananyamaza, na wakubwa wanampa jina: mvivu, mtukutu, mzito wa kichwa. Katika darasa la tatu alikuwako msichana aliyejibu kila swali la mdomo, lakini siku za kunakili daftari lake lilibaki tupu. Alipokalishwa mbele kabisa alinakili yote. Kumbe ubao ulikuwa mbali.

Wazazi, mnayo nafasi ya kuona mambo ambayo sisi, kwa wingi wa wanafunzi, hatuyaoni. Tazameni mtoto anayefinya macho akiangalia mbali, anayeinamisha kichwa upande mmoja, anayeleta kitabu karibu na pua. Ukimtuma amwite baba yake kwenye foleni ya mgawo, anapita watu mmoja mmoja hadi awafikie usoni. Mwingine huona mbali vizuri, lakini akisoma kidogo kichwa kinamuuma na macho yanatoa machozi.

Makengeza nayo yasisubiri. Wapo wanaosema yatapona yenyewe mtoto akikua. Baada ya miezi sita ya kwanza jicho linalokwenda upande linahitaji mganga wa macho, kwa sababu ubongo huanza kuliacha na kutumia lile moja tu. Mtoto akishapita miaka 7 au 8, kulirudisha ni kazi ngumu sana, hata kwa miwani. Na mkiona weupe ndani ya mboni, kama jicho la paka usiku, msingoje hata wiki. Huenda ni mtoto wa jicho, huenda ni saratani, na saratani hiyo huua.

Kupima si jambo la ajabu. Tunachora herufi E nyeusi kwenye karatasi nyeupe, urefu wake milimita 17 na nusu. Mtoto anasimama mita 6, mahali penye mwanga, anafunika jicho moja kwa kiganja bila kulibonyeza, kisha anaonyesha kwa mkono upande ambao vidole vya E vinaelekea. Tunaigeuza mara kadhaa, halafu jicho la pili. Anayeshindwa kwa jicho lolote anapelekwa zahanati. Sisi hatuandiki miwani. Tunatambua tu nani apelekwe.

Si kila asiyeona anahitaji miwani. Mtoto anayejikwaa jioni na kupapasa sahani yake gizani amepungukiwa vitamini A. Huyo anahitaji matone ya zahanati, ambayo watoto wa miezi 6 hadi miaka 5 hupewa kila miezi sita, pamoja na matembele, papai na mawese. Akina mama, mawese yakichomwa mpaka yawe meupe, ile rangi nyekundu yenye faida imekwisha. Jicho jekundu lenye tongotongo linataka dawa ya zahanati, wala si maji ya majani.

Wengine wanaogopa kwamba miwani hulegeza macho, au kwamba msichana mwenye miwani hataolewa. Hilo la kwanza si kweli. Hilo la pili tunawaachia wazee, ila tunajua kwamba msichana asiyeona ubao huacha shule mapema. Tafadhali msimpe mtoto miwani ya bibi: ile ni ya kusomea, na kwa mtoto asiyeona mbali huongeza ukungu.

Kwenu watumishi wa mashirika tuna ombi moja. Upimaji wa mara moja, wageni wakija, haututoshi. Mtoto hukua na jicho lake hubadilika. Fremu nayo huvunjika mpirani. Tunaomba upimaji kila mwaka, na mahali panapojulikana pa kutengenezea miwani iliyovunjika. Miwani iliyofungwa kwa uzi tumeiona, na iliyowekwa sandukuni pia.

Mita 6 tumekwisha kuzipima nje ya ofisi ya walimu, na karatasi ya E imebandikwa ukutani. Jumatatu tunaanza na darasa la kwanza. Wadogo wasioandikishwa shuleni nao waletwe, asubuhi, kabla jua halijawa kali.