Daftari la Mali Kauli: Nyaraka za Mwandishi wa Riwaya Pendwa
Mhadhara wa umma, Kwa Vonza, Kitui



Aghalabu mtu akitajiwa nyaraka za mwandishi, fikra zake huenda moja kwa moja kwenye miswada, zile sahifa zenye mikato na masahihisho ambazo mtaalamu huzifunua kwa taadhima apate kuona shairi lilivyozaliwa. Mimi nadai, na wajuzi wa fasihi wataniwia radhi, kwamba kwa mwandishi wa riwaya pendwa mswada ndio sehemu hafifu ya urithi wake. Hazina yenyewe imo katika karatasi ambazo warithi, kwa haya au kwa haraka ya kusafisha nyumba, huzitia moto kwanza: ankara za mpiga chapa, barua za wasomaji, na daftari la wachuuzi waliochukua vitabu kwa mali kauli, yaani kuuza kwanza na kulipa baadaye.

Mfano wangu ni wa jirani. David Maillu alizaliwa mwaka 1939 huko Kilungu, katika milima iliyo leo ndani ya Makueni, na siku hizo ikihesabiwa kuwa ya Machakos. Mwaka 1964 aliingia shirika la utangazaji la Sauti ya Kenya, akafanya kazi ya uchoraji. Mwaka 1972 alitoa Ki Kyambonie, mkusanyiko wa methali za Kikamba ambao hata kadhi asingeuona na ila. Kisha, kwa kampuni yake mwenyewe ya Comb Books, akatoa Unfit for Human Consumption na My Dear Bottle mwaka 1973, na After 4.30 mwaka 1974, vijitabu vya kutiwa mfukoni vilivyosimulia ulevi, mishahara iliyotapanywa na mambo yanayotendeka baada ya ofisi kufungwa. Vijana walivigombea. Wahadhiri walivibeza, na Tanzania ikavipiga marufuku mwaka 1976.

Basi mtu huyu hakuwa mtunzi tu: alikuwa mtunzi, mchapishaji na mwenye duka kwa pamoja, naye kabla ya kuandika aliwauliza watu wangependa kusoma nini, jambo ambalo wenye kalamu wengi wa zama zake wangeliona fedheha. Kwa hiyo maswali tunayobishana darasani, ya nani alisoma vitabu hivi na kwa nini, hayajibiwi kwa kuvisoma upya. Kitabu chake The Kommon Man kilifika juzuu tatu: je, ni hadithi iliyodai urefu huo, au ni wanunuzi? Hit of Love, au Wendo Ndikilo, ya mwaka 1980, ilichapwa kwa Kiingereza na Kikamba bega kwa bega; Without Kiinua Mgongo, ya mwaka 1989, ikachanganya Kiingereza na Kiswahili kama wanavyochanganya watu wa Nairobi. Katoni za kitabu cha namna hiyo zilipakiwa gari la kwenda Kitui mjini, au la mji wa Wote? Stakabadhi moja ya usafiri hapa yashinda tasnifu nzima, na nasema hivi mimi niliyesimamia tasnifu si haba.

Wenzetu wametutangulia. Vijitabu vya soko la Onitsha, kule Nijeria, vilivyodharauliwa vivyo hivyo, leo vinatunzwa katika Chuo Kikuu cha Kansas, Marekani. Ni heri vimetunzwa, lakini msomi wa Onitsha huenda akalazimika kuvuka bahari kuisoma mitaa yake.

Nasi hatuna muda mrefu. Karatasi ya bei nafuu hutengenezwa kwa mbao zilizosagwa, nayo hubeba asidi inayoigeuza manjano, kisha kuifanya ivunjike vidoleni, hata bila ya mchwa wetu, ambao hawahitaji msaada. Na kwa mwandishi aliyetungia redio, hatari ni kubwa zaidi, kwani kanda zilikuwa ghali na vituo vingi duniani vilizifuta ili virekodi tena. Hivyo ile nakala ya taipu, yenye alama za mahali pa kugonga mlango na kulia jogoo, mara nyingi ndiyo shahidi pekee aliyesalia.

Linabaki suala la siri. Mwandishi wa mapenzi na pombe huandikiwa na watu wanaomwungamia wasiyoyasema msikitini wala kanisani, na baadhi yao wangali hai, wengine wakiwa wazee wa heshima katika vijiji vyetu. Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa ya Kenya, kwa sheria ya mwaka 1965, hufungua kumbukumbu za serikali zikitimiza miaka 30. Kwa barua kama hizi muda huo ni mfupi mno. Rai yangu kwa maktaba ya chuo hiki cha Kwa Vonza, itakapopokea nyaraka za mwandishi yeyote wa Ukambani wa aina hii, ni barua za wasomaji zifungwe maisha yote ya waandikaji wake, ila daftari la mali kauli liwekwe mezani siku ya kwanza.