MAUMIVU YA KIUNO: TUSIYALALIE, TUSIYAPUUZE

(Maneno ya Katibu wa Chama mbele ya wanakisomo na wanaushirika, Getanuwas)



Leo tunasema juu ya kiuno. Msicheke. Hapa kijijini nani hajawahi kuamka asubuhi akashika ukuta? Tunalima, tunachota maji, tunabeba kuni, tunapakia mahindi. Mwaka 1973 wazee wetu walikaa katika vikundi kusikiliza redio, kampeni ya Mtu ni Afya, wakajifunza kuchimba vyoo na kuangamiza mbu. Basi na sisi tujifunze habari ya mgongo.

KWANZA, kiuno ni nini? Sehemu ya chini ya mgongo ina pingili 5. Kati ya pingili na pingili kuna kitu laini kama mto, na nyama zinazizunguka na kuzishika. Ukinyanyua mzigo kwa pupa, nyama zinavutika na kukaza. Inauma kweli, lakini mara nyingi hakuna kilichovunjika. Katika wagonjwa 10 wa kiuno, kama 9 hivi hawana ugonjwa mwingine ndani yake, na wengi hupata nafuu kabla ya wiki 6.

PILI, tusilale. Sisi tunaosema haya tulikosea. Wakati wa mavuno tulinyanyua gunia la lumbesa peke yetu, tukijionyesha kwa vijana. Likatushinda. Tukalala siku 9, tukimeza vidonge vya dukani bila kumwuliza mganga. Siku ya 10 hata chooni tulikwenda kwa kushikwa mkono! Nafuu ilianza tulipotembea: leo mpaka mlangoni, kesho mpaka zizini, keshokutwa mbele kidogo. Kumbe mgongo unataka mwendo. Vidonge vya maumivu vikizidi vinaumiza tumbo na figo. Na mkanda wa kufunga kiunoni, Shirika la Afya Duniani mwaka 2023 lilisema usiwe tiba ya kawaida kwa maumivu ya muda mrefu.

TATU, mzigo. Chuchumaa, kunja magoti, ulete mzigo karibu na tumbo, ndipo usimame. Usijipinde ukiwa umebeba, geuza miguu. Jembe liwe na mpini mrefu. Maji, ndoo mbili ndogo mikono yote miwili ni afadhali kuliko moja kubwa upande mmoja. Punda yupo, atumike. Na lumbesa, jamani, sheria ya vipimo inasema gunia la mazao lisizidi kilo 100. Lumbesa inamwibia mkulima mazao yake, na inamwibia mbebaji mgongo wake.

NNE, na hapa tusikilizane sana. Si kila kiuno ni jembe. Mama mmoja, mwanachama mwenzetu, aliumwa kiuno miezi mingi. Jioni homa, usiku jasho, asubuhi nafuu. Tukamwambia, "Mama, pumzisha jembe." Akatibiwa malaria, haikusaidia. Mwisho alipimwa damu, ikaonekana ni ule ugonjwa unaotupisha mimba ng'ombe na mbuzi, yaani brusela. Sisi ndio tuliomchelewesha. Tunakiri mbele yenu.

Wala si yeye peke yake. Utafiti wa mikoa ya Arusha na Manyara uliochapishwa mwaka 2007 ulionyesha kwamba katika wagonjwa 5 wa brusela, mmoja alikaa zaidi ya mwaka kabla ya kufika hospitali. Ugonjwa huu unaingia kwa maziwa mabichi, na kwa kushika kwa mikono mitupu ndama aliyetupwa au kondo la nyuma. Unatibika, lakini dawa ni zaidi ya moja, na ni wiki 6 au zaidi. Ukiacha katikati, unarudi. Kifua kikuu nacho hushika pingili za mgongo, si mapafu tu.

Basi nenda zahanati upesi ukiona haya pamoja na kiuno: homa au jasho la usiku, kukonda, maumivu yasiyotulia hata umelala, maumivu baada ya kuanguka vibaya. Na kama miguu inalegea, mkojo au choo havizuiliki, au sehemu za siri zimekufa ganzi, usingoje kesho. Hiyo ni hospitali siku hiyo hiyo.

MAAZIMIO tunayoomba mkutano uyapitishe:
1. Ghala letu lisipokee wala kupakia lumbesa.
2. Gunia libebwe na watu wawili.
3. Maziwa yachemshwe kwanza, ndipo yagandishwe kibuyuni.
4. Mwenye kiuno na homa asiambiwe "ni jembe". Asindikizwe akapimwe.

Asiyejua kusoma asomewe na jirani yake.

Mtu ni afya!

Katibu wa Chama